Fundo la Mia

Hesabu hii sikuwekewa na mtu.
Hizza mnunuzi hahesabu vichwa, anapima kilo,
na mizani yake, sote Kigombe tunaijua,
ina kidole chake cha ziada.
Ni mimi, siku mwamba ulipofunguliwa,
niliyekata uzi wa nyavu, nikautundika msumarini nyuma ya mlango
nikasema kimoyomoyo: mia.
Kila pweza, fundo.
Mwaka jana niliishia sabini na moja,
nina mimba ya Tatu, kizunguzungu kila nikiinama.
Mwaka wa kabla ya huo sikuhesabu;
nilikuwa mke wa mtu, na aliyehesabu ni yeye.

Jana, baada ya isha, kipaza sauti cha msikiti kilikohoa,
kamati ikatangaza: kesho maji yakijaa, mwamba unafungwa,
miezi mitatu, asionekane mtu na mkuki.
Nikawasha koroboi, nikaupapasa uzi kama tasbihi:
tisini na tatu.
Nikahesabu tena kutoka mwisho, labda nimejidhulumu.
Tisini na tatu.

Saa tatu na nusu asubuhi, bamvua la mwisho,
maji yamekauka hata mwani umelala chali.
Tuko wanawake kumi na wanane,
kila mmoja kainama kama aliyeangusha sindano.
Nimevaa raba za kaka yangu, nimezijaza matambara vidoleni.
Leo hatusalimiani. Mwanatumu, aliyeniomba chumvi juzi tu,
ananipita kama ananidai.

Pweza haonekani. Kinachoonekana ni uchafu wa mlo wake:
makaka ya chaza mlangoni, vijiwe alivyovipanga
kama mwenye nyumba anayechelea wageni.
Unachokoza. Ukuta unabadilika rangi.
Hapo usifikiri —

tisini na nne. Tisini na tano, mnene,
alinipaka wino hadi kwapani.
Tisini na sita nilimtoa katika tundu
nililolipita mara mbili kwa kiburi.
Kisha saa nzima, kapa.
Kisha mkunga, meno mbele, akauma mkuki;
nikaruka, nikatua juu ya urumbasi
na kutamka neno ambalo Mwanatumu atanikumbusha arusini.
Tisini na saba.
Tisini na nane, mdogo, wa kujaa kiganja:
nikamtazama, nikamwachia. Hata uchu una mpaka.
Nikajuta kabla hajazama.

Maji hayarudi kwa vishindo. Yanaanza nyuma yako,
ndani ya nyayo zako mwenyewe,
kisha kifundo cha mguu, fundo nisilolitaka.
Tisini na nane wa kweli. Tisini na tisa,
maji magotini, uso nimeutumbukiza,
napapasa kwa imani tu.
Mwanatumu akapaza sauti toka ufukweni:
"Toka! Njoo nikupe wangu mmoja, utimize!"
Kumbe alijua. Kumbe mtaa mzima
ulikwisha kunisomea ule uzi.
Nikakataa. Wa kupewa hafungiwi fundo.

Kwa Hizza nilimwaga kapu bila kumtazama mtu.
Saba unusu, akasema. Nane, nikasema. Kidole kikaondoka.
Akawa anawatenganisha mmoja mmoja, mara akasita:
"Huyu kakumbatia nini?"
Akaipanua minyiri. Ndani, pweza mwingine,
kapungua mikono miwili,
mlo ambao bwana mkubwa hakuwahi kuumaliza.

Basi likazuka gumzo.
Mwanatumu: "Mia! Kapuni mwako, ni wako."
Hizza: "Aliyemvua ni pweza mwenzake. Mlipe yeye."
Bi Mkasi, mweka hazina wa kamati, akataka ijulikane
kama marehemu aliingia kapuni kabla ya maji kujaa au baada.
Nilicheka mpaka mbavu zikauma, raba zikivuja.

Usiku huu Tatu amelala. Boya jekundu la kamati limetiwa.
Nimefunga mafundo sita, nikayabana kwa meno.
La saba nimelizungusha,
nikapitisha ncha ya uzi kitanzini,
na sijalivuta.
Linaning'inia nyuma ya mlango, wazi,
na kila mtu akiingia
linatikisika kidogo.